Kokteli ya Wiski Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mzima anayeishi Mwanza, Ukerewe, Sengerema, Musoma au Bukoba, ambaye angependa kujitengenezea nyumbani kokteli moja ya wiski iliyo rahisi na iliyodumu tangu zamani, kwa vitu vinavyopatikana katika masoko na maduka yetu. Kinywaji kitakachozungumziwa zaidi ni Old Fashioned, na karibu na mwisho tutagusia Whiskey Sour. Msimamo wa mwandishi ni kwamba katika vinywaji hivi barafu na kipimo vina uzito mkubwa kuliko bei ya chupa, na ndiyo maana maswali ya barafu yamejibiwa kwa urefu.

Kwa nini mtu anayeanza aanze na Old Fashioned?

Kwa sababu ina vitu vinne tu: wiski, sukari, maji na bita (dondoo chungu la viungo linalotiwa kwa matone), pamoja na ganda la chungwa kwa ajili ya harufu. Haihitaji mashine, haihitaji chombo cha kusukasukia, na mtu akikosea kidogo anaweza kurekebisha ndani ya glasi ileile. Zaidi ya hayo, inafundisha. Mtu aliyekwisha kuelewa jinsi sukari inavyotuliza ukali wa pombe, na jinsi uchungu unavyozuia utamu usizidi, atazielewa kokteli nyingine nyingi bila kukariri.

Kinywaji hiki kilitoka wapi?

Kilitoka Marekani. Tarehe 13 Mei 1806, gazeti moja la mji wa Hudson, katika jimbo la New York, lilimjibu msomaji aliyeuliza kokteli ni kitu gani, likaeleza kuwa ni pombe kali ya aina yoyote iliyochanganywa na sukari, maji na bita. Maelezo hayo ndiyo Old Fashioned yenyewe, ingawa jina hilo lilikuja baadaye. Katika karne ya 19 wahudumu wa baa walianza kuongeza likeri (pombe tamu zenye ladha) na mapambo ya kila namna, na wateja waliopenda kinywaji cha awali wakawa wanaagiza kokteli ya mtindo wa zamani, jina likabaki. Yako madai kwamba kilibuniwa katika klabu ya Pendennis mjini Louisville, jimbo la Kentucky, lakini klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1881, ilhali gazeti la Chicago lilikuwa limekwisha kuzitaja kokteli hizo mwaka 1880.

Nahitaji vitu gani, na kwa kipimo gani?

Kwa glasi moja andaa wiski mililita 60, sukari kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, maji safi kijiko kimoja cha chai, bita matone mawili au matatu ya kutikisa chupa, ganda la chungwa lenye urefu wa kidole, na barafu ya kutosha. Kama huna kikombe cha kupimia, kijiko cha chakula hubeba takriban mililita 15, hivyo vijiko vinne vinakupa mililita 60. Tafadhali pima. Kumimina kwa kukadiria kwa macho ndilo kosa linaloharibu kinywaji hiki mara nyingi zaidi, kwa kuwa ukizidisha wiski mililita 20 tu, ile sukari na bita havitoshi tena, na unachokunywa kinakuwa wiski yenye utamu wa mbali.

Inatengenezwaje, hatua kwa hatua?

Chukua glasi pana, fupi na nzito kitakoni. Weka sukari, mwagia kile kijiko cha maji, kisha ongeza bita. Koroga mpaka usisikie tena chembe zikikwaruza chini ya glasi. Hatua hii haipaswi kuharakishwa, kwa maana sukari huyeyuka vizuri ndani ya maji lakini huyeyuka kwa shida ndani ya pombe, na ukitanguliza wiski utakuta sukari imelala chini hadi mwisho. Sasa mimina nusu ya wiski, koroga kidogo, weka barafu, mimina nusu iliyobaki, kisha koroga polepole kwa sekunde 20 hadi 30 huku kijiko kikipita pembeni mwa glasi bila kuipigapiga barafu.

Kata ganda la chungwa, lishike juu ya glasi upande wa rangi ukielekea kwenye kinywaji, na libane kwa vidole ili mafuta yake yaruke juu ya uso wa kinywaji. Ukitazama kwenye mwanga utayaona kama ukungu mwembamba. Pitisha ganda hilo kwenye ukingo wa glasi, kisha litumbukize ndani. Onja. Kikiwa kikali mno, koroga sekunde chache zaidi ili barafu itoe maji. Kikiwa kitamu mno, ongeza tone moja la bita.

Nitumie wiski ipi?

Kwa asili kinywaji hiki hutengenezwa kwa wiski ya Marekani, ama bourbon au ile ya nafaka ya rai. Sheria ya Marekani inataka bourbon itengenezwe kwa mchanganyiko wa nafaka wenye mahindi yasiyopungua asilimia 51, ihifadhiwe katika vyombo vipya vya mbao za mti uitwao mwaloni vilivyounguzwa ndani kwa moto, na iwekwe chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Mahindi huipa utamu wa asili, na ule mwaloni uliounguzwa huipa rangi na harufu ya vanila na sukari iliyoungua. Ndiyo maana hukubaliana haraka na sukari na chungwa. Wiski ya rai ni kavu na ina ukali wa viungo, na wapo wanaoipenda zaidi kwa sababu inavumilia utamu bila kulegea.

Katika maduka mengi ya vinywaji ya Mwanza, hata hivyo, wiski iliyo rahisi kupatikana ni ile ya mchanganyiko kutoka Scotland. Inafaa pia. Wiski ya Scotland lazima ikae katika mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na nyingi zina moshi kidogo. Kwa hiyo punguza sukari kidogo, na badala ya sukari unaweza kutumia asali, ambayo huenda vizuri na moshi. Wiski ya Ireland ni laini na humfaa asiyependa moshi. Chagua chupa ya bei ya kati. Wiski ya miaka mingi na ya bei kubwa ni afadhali inywewe peke yake, na ile ya bei ya chini kabisa huacha ukali kooni ambao sukari haiwezi kuuficha.

Je, naweza kutumia Konyagi au gongo badala ya wiski?

Konyagi ni pombe halali ya hapa nyumbani na ina kokteli zake, hasa zenye ndimu na tangawizi, lakini haikukaa katika mwaloni, kwa hiyo ukiiweka hapa utapata kinywaji kitamu kisicho na kina. Gongo isitumike kabisa, wala hapa wala penginepo. Ni pombe isiyodhibitiwa, hakuna anayejua kilichomo, na inaweza kuwa na methanoli, aina ya pombe iliyo sumu.

Nitajuaje kwamba chupa niliyouziwa si bandia?

Swali hili ni zito kuliko mengine yote katika orodha hii. Nunua katika duka lenye leseni ambalo unalifahamu, na usishawishike na bei iliyo chini mno kuliko ya madukani. Tazama kifuniko: mkanda wa usalama uwe mzima, na usiwe na gundi iliyopakwa mara ya pili. Tazama lebo kama imenyooka na maandishi yake hayana makosa. Tazama stempu ya kodi: kwa pombe kali, stempu za kielektroniki za Mamlaka ya Mapato Tanzania zilianza kutumika mwaka 2019, na ipo programu ya simu ya Hakiki Stempu inayomwezesha mnunuzi kuihakiki stempu mwenyewe. Mhakiki muuzaji pamoja na stempu, kwa maana chupa tupu yenye stempu halisi inaweza kujazwa tena. Ukimaliza chupa yako, vunja kifuniko na uchane lebo kabla ya kuitupa, ili usiwape malighafi wanaojaza upya.

Methanoli haionekani, na huwezi kuitambua kwa kuonja. Mtu aliyekunywa pombe akaanza kuona ukungu machoni, kuumwa kichwa kusiko kwa kawaida, kutapika au kupumua kwa haraka, hata kama ni saa nyingi baada ya kunywa, apelekwe hospitali mara moja. Tiba ipo, lakini inategemea kuwahi. Kusubiri kulipambazuke kunaweza kugharimu macho au uhai.

Kwa nini barafu inatiliwa mkazo namna hii?

Kwa sababu barafu ni kiungo. Kinywaji hiki kinaanza na wiski yenye kilevi cha asilimia 40, na hakuna mtu anayekusudia kikifika mdomoni kiwe bado kina nguvu hiyo. Wakati wa kukoroga, barafu huachia takriban mililita 20 za maji, na kilevi kinashuka hadi karibu asilimia 27. Hayo maji ndiyo yanayofungua harufu ya wiski na kuunganisha sukari na uchungu. Yakipungua, kinywaji kinachoma; yakizidi, kinakuwa maji yenye rangi.

Ugumu wa mwambao wetu ni joto. Kwenye kibaraza cha Capri Point au Nyegezi saa kumi alasiri, vipande vidogo vya barafu huyeyuka kabla hujamaliza hata theluthi ya glasi. Bonge moja kubwa huyeyuka polepole, kwa sababu eneo lake linaloguswa na kinywaji ni dogo likilinganishwa na ujazo wake. Kwa hiyo gandisha maji katika vikombe vidogo vya plastiki au bakuli dogo badala ya trei ya vipande vidogo. Likishagandishwa, litoe, liache nje dakika mbili tatu, kisha litie kwenye glasi. Ukilitoa kwenye friza na kulimwagia kinywaji papo hapo, huenda likapasuka, na faida yote ya ukubwa wake ikapotea.

Maji ya barafu yawe yale ambayo ungeyanywa bila wasiwasi. Kuganda hakuui vimelea vyote, na wiski iliyomo kwenye glasi haitoshi kuisafisha barafu chafu. Chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja, ambayo inatosha kwa maeneo yaliyo chini ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, nasi tuko juu kidogo ya mita 1,100. Kisha yaache yapoe yakiwa yamefunikwa ndipo uyagandishe. Barafu inayouzwa kwa ajili ya samaki, kama ile inayopakiwa kwenye masanduku katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, inafanya kazi yake vizuri lakini si ya kuwekwa kwenye glasi, hata ukiisuuza.

Friza langu lina sato na sangara. Je, barafu itanuka samaki?

Itanuka, na nyumba nyingi za kwetu zina tatizo hili. Barafu hufyonza harufu ya vitu vilivyohifadhiwa pamoja nayo, na dagaa wabichi ndio wakali kuliko wote. Gandishia maji katika chombo chenye kifuniko kinachobana, au kivike mfuko safi na kuufunga fundo mbili. Barafu isikae friza zaidi ya wiki moja. Kabla ya kuitumia, ipitishe haraka chini ya maji safi ya kunywa ili tabaka la juu liondoke, kwani harufu huanzia hapo.

Umeme ukikatika wageni wakiwa njiani?

Usifungue friza. Likiwa limejaa na mlango haufunguliwi, barafu hukaa saa nyingi. Kama imeanza kuyeyuka, mwaga maji yake na utumie mabonge yaliyobaki bila kuongeza kile kijiko cha maji mwanzoni. Tumia shira kidogo badala ya sukari kavu.

Bita ni nini hasa, na nifanyeje nikiikosa?

Bita ni dondoo kali la mizizi, maganda na viungo vyenye uchungu, vilivyolowekwa katika pombe. Hutumiwa kwa matone tu, kama chumvi inavyotumiwa kwenye mchuzi: huioni, lakini ikikosekana kila mtu anajua. Inayojulikana kuliko zote ni Angostura, iliyobuniwa mwaka 1824 na daktari Mjerumani, Johann Gottlieb Benjamin Siegert, katika mji uliokuwa ukiitwa Angostura, ambao leo ni Ciudad Bolívar nchini Venezuela. Siku hizi hutengenezwa Trinidad. Ina kilevi cha asilimia 44.7, jambo ambalo mwenyeji anapaswa kulikumbuka anapomwandalia mtu asiyetumia pombe. Chupa ndogo humfaa mtu kwa muda mrefu sana, na si vigumu kumwagiza ndugu anayesafiri kutoka Dar es Salaam au Nairobi.

Ukiikosa, unaweza kutengeneza mbadala ambao kwa maoni yangu unastahili heshima yake yenyewe. Chukua mililita 100 za wiski au pombe kali nyingine halali, tia kwenye chupa safi yenye kifuniko. Ongeza maganda ya chungwa moja yaliyoanikwa kivulini hadi yakakauka, pamoja na weupe wake, kwa kuwa hapa uchungu wa weupe huo unatakiwa. Tia karafuu tatu tu, iliki mbili zilizopasuliwa, na kipande cha mdalasini chenye urefu wa nusu ya kidole. Funika, weka kabatini, tikisa kila siku kwa siku saba. Siku ya saba ongeza punje kumi za kahawa iliyokaangwa, ukiweza ile robusta ya Kagera, ambayo ina uchungu wa kutosha. Iache siku moja, usizidishe, kisha chuja kwa kitambaa safi. Haitafanana na Angostura, lakini itafanya kazi ileile ya kuuzuia utamu. Tumia nusu ya kijiko cha chai kwa glasi.

Karafuu zisizidi hizo tatu. Zikizidi, kinywaji kitanukia dawa ya meno. Pia usiloweke magome au mizizi ya miti ya dawa, iwe mwarobaini au mingine unayoifahamu kwa uchungu wake. Mti unaofaa kama dawa una kipimo chake, na pombe hutoa baadhi ya kemikali zake kwa nguvu kuliko maji.

Machungwa yetu yana ganda la kijani hata yakiiva. Yanafaa?

Yanafaa sana. Ganda la chungwa hugeuka la rangi ya machungwa kukiwa na usiku wa baridi, na katika nchi za joto tunda huiva huku ganda likibaki kijani au kijani chenye manjano. Mafuta yenye harufu yamo katika vifuko vidogo vya ganda, kijani au manjano, na chungwa la Ukerewe lililochumwa karibuni lina mafuta mengi kuliko chungwa la kutoka ng'ambo lililokaa ghalani kwa wiki kadhaa. Chagua lenye ganda gumu na linalong'aa. Likikwaruzwa kidogo kwa ukucha, linukie papo hapo; lisiponukia, halitakusaidia.

Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na ulisugue, hasa likiwa la dukani, kwa kuwa machungwa yanayosafirishwa mbali mara nyingi hupakwa nta. Kata ganda kwa kisu kidogo chenye makali, ukichukua tabaka la rangi na kuacha weupe kadiri uwezavyo. Maji ya chungwa yasiingie kwenye glasi, na nyama yake isipondwe humo. Wapo wanaoponda chungwa na cheri chini ya glasi, na huo ni utamaduni wa baa nyingi za Marekani, lakini matokeo yake ni maji ya matunda yenye wiski, na ganda peke yake linatoa harufu safi zaidi. Chungwa lililobaki mpe mtoto, au lile mwenyewe.

Sukari ya kawaida inatosha, au lazima nitafute vidonge vya sukari?

Sukari ya kawaida inatosha. Ile yenye rangi ya kahawia isiyokolea, kama ya viwanda vyetu vya Kagera na kwingineko, ina ladha kidogo ya molasi inayopendeza na bourbon. Kwa kuwa chembe zake ni kubwa na huchelewa kuyeyuka, mtu anayetengeneza glasi zaidi ya mbili ni afadhali apike shira: kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji, vipashwe moto na kukorogwa mpaka sukari iishe kuonekana, bila haja ya kuchemka kwa muda mrefu. Ikipoa, tumia kijiko kimoja na nusu cha chai kwa glasi.

Asali ni nzuri pia, na asali ya nyuki wa miombo ya Tabora, ambayo hufika Mwanza kwa wingi, ina harufu nzito. Izimue kwanza kwa maji ya moto kiasi sawa. Ukiitia nzito kama ilivyo itaganda kwenye barafu.

Naweza kuongeza soda?

Unaweza, na huko Wisconsin huo ndio mtindo, tena kwa brandi. Ila hapo umetengeneza kinywaji kingine. Ukitaka kinywaji kirefu cha mchana wa joto, weka wiski mililita 45 kwenye glasi ndefu, barafu tele, maji ya soda yasiyo na sukari, na kipande cha ndimu.

Napenda kitu chenye uchachu. Whiskey Sour inatengenezwaje?

Changanya wiski mililita 60, maji ya limau vijiko viwili vya chakula visivyojaa kabisa, na shira kiasi hichohicho. Tia barafu kwenye chupa yenye mdomo mpana na kifuniko kisichovuja, funga, na usukesuke kwa nguvu kwa sekunde 12 hadi 15, kisha chuja kwenye glasi. Kokteli zenye maji ya matunda husukwasukwa ili zichanganyike na kupata hewa. Zile za pombe, sukari na bita pekee hukorogwa.

Limau na ndimu vinakaribiana kwa uchachu, hivyo vipimo havibadiliki, lakini ndimu ina harufu kali inayoweza kuimeza wiski. Ukiwa na ndimu tu, itumie pamoja na asali. Kamua tunda wakati huohuo. Maji yaliyokamuliwa asubuhi yamekwisha kupoteza uhai wake jioni.

Mapishi mengi huongeza ute mweupe wa yai kwa ajili ya povu. Yai bichi linaweza kubeba salmonela, na limau pamoja na wiski havitoshi kuiondoa. Kwa nyumbani nashauri uliache. Povu ni la macho zaidi kuliko la ulimi.

Sina vifaa vya baa. Ninunue nini?

Usinunue kitu kwanza. Kijiko kirefu, kisu kikali, chujio la chai na glasi nzito vinatosha. Kama utanunua kimoja baadaye, kiwe kikombe kidogo cha kupimia chenye alama za mililita.

Nina wageni kumi, wakiwemo wazee wa ukweni. Nitawaandalia wote kwa wakati mmoja vipi?

Andaa mapema katika chupa. Changanya wiski mililita 600, shira mililita 75, bita kijiko kimoja cha chakula, na maji yaliyochemshwa yakapoa mililita 200. Usishangae kuona maji mengi: yanachukua nafasi ya yale ambayo barafu ingeyatoa wakati wa kukoroga. Weka chupa kwenye friji kwa saa tatu au zaidi. Wageni wakifika, mimina kwa kila mmoja takriban mililita 90 juu ya bonge la barafu, na umalizie kwa ganda la chungwa lililobanwa papo hapo, kwa kuwa harufu hiyo haihifadhiki chupani.

Kwa wazee, uliza kwanza. Wapo watakaotaka wiski na maji ya uvuguvugu tu, na heshima ni kumpa mzee anachokipenda bila kumlazimisha ajaribu cha kwako.

Na mgeni asiyekunywa pombe?

Asipewe soda ya chupa peke yake huku wengine wakihudumiwa kwa glasi nzuri. Chemsha chai ya rangi iliyokolea yenye mdalasini na iliki, ipoe, kisha ichukue mililita 90, shira kijiko kimoja na nusu cha chai, bonge la barafu na ganda la chungwa lililobanwa. Uchungu wa majani ya chai unachukua nafasi ya bita, na kwa rangi hakuna atakayeitofautisha na glasi ya jirani. Usitie bita humo, hata tone moja, wala usitumie kijiko kilichotoka kukoroga wiski. Aliyejizuia kwa sababu ya dini au afya anastahili uaminifu kamili.

Glasi moja ina pombe kiasi gani, na ni nani asiinywe?

Mililita 60 za wiski ya asilimia 40 zina mililita 24 za kilevi halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo glasi hii fupi ni sawa na bia kubwa moja, ingawa utamu wake humfanya mtu aimalize kwa robo ya muda. Inywe polepole ukiwa umekula, weka maji ya kunywa mezani, na mwenyeji asijaze glasi ya mtu bila kuulizwa.

Aliye chini ya miaka 18 asipewe, wala mama mjamzito, wala mtu aliye kwenye dawa ambazo mfamasia amekataza zisitumiwe na pombe, ikiwemo metronidazole ambayo wengi wetu huimeza kwa matatizo ya tumbo. Anayeendesha gari au bodaboda asinywe hata moja. Na kwa kuwa tunaishi kando ya ziwa, aliyekunywa asiingie majini kuogelea wala asipande mtumbwi, hata kama alizaliwa Ukerewe na kuogelea tangu utoto. Jua la jioni likiangukia Jiwe la Bismarck linaonekana vizuri kutoka nchi kavu.

Iliwe na nini?

Sangara aliyekaushwa kwa moshi, akachanwa vipande vidogo na kupashwa kwenye kikaango kikavu, ndiye mwenzake bora ninayemfahamu, kwa kuwa moshi wa samaki na mwaloni wa wiski ni ndugu. Karanga zilizokaangwa na chumvi kidogo zinafaa, na nyama choma isiyo na pilipili nyingi. Dagaa wa kukaanga wenye ndimu huenda vizuri zaidi na Whiskey Sour. Pilipili kali iepukwe, kwani huongeza mchomo wa pombe.

Vilivyobaki vihifadhiwe vipi, na kwa muda gani?

Chupa ya wiski iliyofunguliwa isimamishwe wima, kwa sababu kilevi kikali huila kizibo cha gome kikigusana nacho kwa muda mrefu. Iwekwe kabatini mbali na jua la dirishani. Haiozi, lakini ikibaki robo hewa iliyomo huanza kuipunguzia harufu, kwa hiyo imalizwe ndani ya miezi michache au ihamishiwe kwenye chupa ndogo. Shira hukaa kwenye friji wiki tatu hivi, na ikionekana na utando imwagwe. Bita, ya dukani au ya kwako, hukaa kabatini miaka. Kokteli uliyoichanganya chupani bila limau hukaa kwenye friji wiki moja hadi mbili. Yenye limau itumike siku hiyohiyo. Vyote viwekwe mahali ambapo watoto hawafiki.